JACKIE COOGAN: MTOTO ALIYEWACHEKESHA WOTE, AKALIWA NA WA KWAO

Askari yeyote aliyepata kutumwa kazini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, anaifahamu njia itokayo Mbarara mjini ikapita Kabingo na kuteremka kuelekea ziwani. Anaifahamu na Rubondo, moja ya kanda tatu za makazi hayo, ambako jua likishatua watoto hukusanyika popote penye mwanga wa picha. Jioni moja mwandishi wa makala haya aliwakuta watoto kama kumi wameizunguka simu moja ndogo, wamebanana mabega kama vifaranga chini ya mbawa. Picha waliyoitazama haikuwa na rangi wala maneno. Mzururaji mmoja mwenye masharubu mafupi, kofia ya duara na viatu vinavyompwaya alikuwa akipita mitaani amebeba vioo vya madirisha mgongoni. Mbele yake alitangulia mtoto wa miaka mitano hivi, kofia kubwa imemfunika masikio, suruali imechanika, naye alikuwa akiokota mawe na kuvunja madirisha ya watu. Kioo kikishavunjika, mzururaji hutokea pembeni kana kwamba ni bahati tu, akaitwa na mwenye nyumba, akatia kioo kipya, akalipwa.

Kisha yule mtoto akarudisha mkono nyuma ili avurumishe jiwe jingine, na mkono ukamgusa polisi aliyekuwa amesimama kimya nyuma yake. Mtoto hakukurupuka. Alilirusha jiwe juu kidogo, akalidaka, mfano wa mtu anayejichezea tu, akaliacha lianguke, ndipo akatoka mbio. Ndugu zetu wa polisi watatusamehe, maana katika picha hiyo polisi ndiye anayechekwa. Watoto wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kinyarwanda na wa Kinyankole wa vijiji vya jirani waliangua kicheko kwa pamoja, na hapakuhitajiwa mkalimani.

Picha hiyo huitwa The Kid, yaani Mtoto, nayo ilionyeshwa kwanza mwaka 1921. Mzururaji ni Charlie Chaplin, ambaye hana haja ya kuelezwa. Mtoto ni Jackie Coogan, na huyu ndiye tunayemkusudia leo. Alipokuwa na miaka saba sura yake ilijulikana katika mabara yote yenye majumba ya sinema. Alipokuwa na miaka 23 alikuwa mahakamani, akimdai mama yake mzazi. Na alipokuwa na miaka 29 alikuwa rubani wa vita katika anga ya Burma, nchi ambayo babu zetu wa KAR waliiita Bama na ambako baadhi yao walizikwa.

Jina lake kamili lilikuwa John Leslie Coogan. Alizaliwa Los Angeles, Marekani, tarehe 26 Oktoba, 1914. Wazazi wake walikuwa watu wa jukwaani, wa kwenda mji hata mji wakicheza dansi na kuonyesha vichekesho, na mtoto wao alipandishwa jukwaani kabla hajajua kusoma. Mwaka 1919 Chaplin aliingia katika ukumbi wa Orpheum mjini Los Angeles akamwona kijana huyo akicheza dansi ya kutikisa mabega, ambayo ilikuwa ndiyo mtindo wa siku zile, kwa utulivu wa mtu mzima. Wakati huo Chaplin alikuwa na msiba. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mwanawe wa kwanza alifariki akiwa na umri wa siku tatu. Alimchukua Jackie, akamjaribu kwanza katika picha fupi iitwayo A Day's Pleasure, kisha akampa kazi kubwa.

Kipaji cha mtoto huyo kilikuwa katika kuiga. Chaplin akimwonyesha namna ya kukuna kichwa, kuchungulia pembe ya ukuta au kukaanga chapati za maziwa, Jackie aliyafanya hayo hayo, ila kwa njia yake mwenyewe, kana kwamba yametoka katika damu yake. Hadithi ilikuwa nyepesi: mama maskini anamtupa mtoto mchanga, mzururaji anamwokota na kumlea, na miaka mitano baadaye wakuu wa kituo cha mayatima wanakuja na gari kumchukua. Chaplin hakuyazua hayo kichwani tu. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka saba, yeye mwenyewe alipelekwa katika nyumba ya kulelea maskini huko London.

Picha ilipofika mahali pa kumnyang'anya mtoto, Jackie alitakiwa kulia, naye siku hiyo alikuwa na furaha, machozi hayaji. Chaplin alisimulia baadaye, katika kitabu cha maisha yake, jinsi baba yake Jackie alivyolimaliza jambo hilo: alimwambia mwanawe kwamba asipolia ataondolewa pale studio na kupelekwa kweli katika nyumba ya maskini. Mtoto akalia. Mikono aliyoinyoosha kutoka katika lile gari, akimwita mzururaji, ni mikono ya mtoto anayeogopa kweli. Watu wa nchi nyingi walilia naye wakaona ni ufundi. Ulikuwamo ufundi mwingi, hilo halina shaka, lakini na hofu ilikuwamo, na hofu hiyo ilitoka kwa baba.

Baada ya hapo fedha zilimiminika. Zikafuatana picha za Peck's Bad Boy na My Boy mwaka 1921, kisha Oliver Twist mwaka 1922. Mwaka 1923 kampuni ya Metro ilimpa dola 500,000 kwa kutia saini tu, mbali na malipo ya picha zenyewe. Wenye viwanda walitia uso wake juu ya makopo ya siagi ya karanga, madaftari, filimbi na wanasesere. Baba aliacha kazi zake akawa msimamizi wa kazi za mwanawe, wakaunda kampuni yenye jina la mtoto. Mtoto mwenyewe alipewa posho ya dola 6 na senti 25 kwa wiki. Hakuna aliyeona ajabu. Mtoto akila, akivaa na kulala vizuri, atataka nini zaidi?

Hapa inafaa tutue kidogo juu ya mwaka 1924, kwa kuwa ni mwaka ambao wasomaji wa Nakivale wataufahamu bila kuelezwa sana. Tangu mwaka 1915 Waarmenia wengi sana walikuwa wameuawa au kufukuzwa katika dola ya Waturuki, na baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki Wagiriki zaidi ya milioni moja walihama makwao. Mayatima walijaa katika makambi ya Ugiriki, Syria na Lebanon. Shirika la Kimarekani la Near East Relief lilimwomba Jackie, akiwa hajatimiza miaka kumi, azunguke Marekani akiwaombea maziwa, nguo na chakula. Alizunguka, kisha akavuka bahari mpaka Ulaya. Vitu vilivyokusanywa vilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni moja. Alipokewa na Papa Pius XI huko Roma, na Ugiriki ilimpa heshima.

Nakivale yetu ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ni moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Mtu aliyewahi kulinda foleni ya mgao huko Rubondo anajua maana ya kopo moja la maziwa lililofika kwa wakati wake. Kwa hiyo tusiichukulie safari ile kuwa maonyesho matupu ya watu wa sinema. Lakini lipo jambo ambalo wakati ule halikumjia mtu. Mtoto aliyewakusanyia mayatima wa mbali mali ya dola milioni moja hakuwa na hata dola mia zilizolindwa na sheria kwa jina lake mwenyewe.

Uzuri wa mtoto ni wa msimu. Mwaka 1927 zile nywele zake ndefu zilikatwa, na kukatwa kwenyewe kukafanywa picha ya sinema. Sauti ikaingia katika filamu, Jackie akacheza Tom Sawyer mwaka 1930 na Huckleberry Finn mwaka uliofuata, kisha simu za wakubwa wa studio zikapungua. Hakujali sana. Alijua kwamba akiba yake ipo, na kwamba akitimiza miaka 21 atakabidhiwa.

Tarehe 4 Mei, 1935, miezi michache kabla ya siku hiyo, alikuwa akirudi kutoka Mexico kuwinda njiwa pamoja na baba yake, rafiki yake Junior Durkin aliyekuwa naye mcheza sinema, na watu wengine wawili. Gari liliacha barabara milimani, mashariki ya San Diego, likabingirika. Wanne walikufa. Jackie, aliyekuwa ameketi katika kiti cha nyuma kilicho wazi, alinusurika peke yake.

Mali yote ikabaki mikononi mwa mama, naye baadaye akaolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa msimamizi wa fedha za familia. Oktoba ikafika, Jackie akatimiza miaka 21, hakuna aliyemkabidhi kitu. Alingoja. Mwaka 1938 alikwenda mahakamani Los Angeles. Ilikadiriwa kwamba katika utoto wake alikuwa amechuma kati ya dola milioni 3 na milioni 4, na sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kwa magari, manyoya ya kuvaa na almasi. Jibu la mama na baba wa kambo lilikuwa fupi: sheria ya California ilisema mshahara wa mtoto asiyetimiza umri ni mali ya wazazi wake, na zaidi ya hayo, Jackie alikuwa akicheza tu, alikuwa akijifurahisha mbele ya kamera, hakuwa akifanya kazi. Katika sehemu ya kwanza, sheria ilikuwa upande wao kabisa. Baba kwa sheria ile alipaswa kumlisha mtoto, na kwa kuwa anamlisha, jasho la mtoto ni lake. Mantiki hiyo ilifaa kwa mtoto wa mkulima anayechunga mbuzi wa nyumbani. Waliotunga sheria hawakuwahi kumfikiria mtoto anayelisha nyumba nzima.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na askari ndio wanaoijua methali hii kuliko watu wengine. Tangu majeshi yetu yaanze kwenda Somalia mwaka 2007, ni wangapi waliotuma fedha mwezi hata mwezi kwa ndugu ili anunue kiwanja, wakarudi Mbarara wakakuta hakuna kiwanja wala hesabu? Huwezi kumpiga, ni ndugu. Huwezi kumshitaki bila ukoo mzima kukuona mbaya. Polisi wa kitengo cha watoto na familia nao wanazijua kesi za namna hii katika umbo dogo zaidi: mtoto anayebeba mizigo sokoni au kuchezea ngoma watu wa harusini, kisha sarafu zikaishia kwa mtu mzima aliyekaa kivulini. Mwilini hakuna jeraha la kuandikwa katika faili. Mtoto akiulizwa, husema anampenda huyo mtu mzima, naye husema kweli.

Jackie naye alilaumiwa na wengi kwa kumshitaki mama. Wakati wa kesi alikuwa amemwoa Betty Grable, binti ambaye baadaye, katika vita vya pili vya dunia, picha yake ilitundikwa na askari wa Kimarekani katika mahema yao duniani kote. Ndoa haikuhimili dhiki, ikavunjika mwaka 1939. Fedha zilipomwishia alimwendea Chaplin, ambaye alimpa dola 1,000 papo hapo bila kumhoji. Kesi ilikwisha kwa kupatana. Katika mali yote iliyokuwapo zilikutwa dola zipatazo 250,000 tu, na Jackie akapata nusu yake, yaani dola 126,000 hivi. Hakuna mshindi aliyetoka pale na furaha. Baadaye yeye na mama yake walipatana, kama damu inavyopatana.

Lakini kelele za kesi hiyo ziliwafikia watunga sheria. Mwaka 1939 California ilipitisha sheria iliyowawezesha mahakimu kuagiza kwamba sehemu ya mapato ya mtoto mcheza sinema iwekwe mahali pa amana mpaka akue. Watu waliiita Sheria ya Coogan. Yeye haikumfaa kitu. Sheria hairudi nyuma kukusanya kilichokwisha liwa.

Tarehe 4 Machi, 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, Jackie Coogan alijiandikisha jeshini. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor mwezi Desemba aliomba kuhamishiwa jeshi la anga, kwa kuwa alikuwa amejifunza kurusha ndege uraiani. Akahitimu kuwa rubani wa glaida mwenye cheo cha ofisa, kisha akajitolea kwa kazi ya hatari katika kikosi cha 1 cha makomando wa anga. Askari wa leo huenda hajaiona glaida ya vita. Ni ndege isiyo na injini, mifupa ya chuma iliyovikwa turubai na mbao, inayobeba marubani wawili na askari 13 na kuvutwa kwa kamba na Dakota. Kamba ikiachiwa, rubani ana nafasi moja tu ya kutua. Hakuna kuzunguka tena kuangalia vizuri.

Usiku wa tarehe 5 Machi, 1944, Dakota ziliondoka uwanja wa Lalaghat, India, kila moja ikivuta glaida mbili, zikiwapeleka askari wa Jenerali Orde Wingate nyuma kabisa ya majeshi ya Wajapani. Wingate ni yule yule aliyepigana Ethiopia mwaka 1941 pamoja na askari wa Sudan na wazalendo wa Kihabeshi mpaka Haile Selassie akarudi Addis Ababa. Glaida kadha zilikatika kamba zikaanguka njiani. Zilizofika zilitua gizani katika uwanda wa msituni waliouita Broadway, na chini ya nyasi mlikuwa na mitaro na magogo yasiyoonekana kutoka angani. Nyingine zilipasuka, nyingine zikagongana na zile zilizotangulia, na watu walikufa hapo hapo. Coogan alikuwa miongoni mwa marubani waliowatua askari wale. Kulipokucha wahandisi walionusurika walianza kusawazisha ardhi, na usiku uliofuata Dakota zikatua zenyewe. Katika muda wa wiki moja hivi askari wapatao 9,000 na wanyama zaidi ya 1,000 walikuwa wamefikishwa. Coogan alipewa medali ya anga.

Mwaka huo huo, masika yakiwa katika kilele chake, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, upande wa magharibi wa nchi hiyo, ikitoka Tamu kwenda Kalewa. Bataliani ya 4 ya KAR, askari wa Uganda, ilikuwamo. Walipita katika matope ya magoti, homa na malaria, wakafika Kalewa mwezi wa Desemba. Mikoani mwetu wazee wa Bama walisimulia matope hayo mpaka siku zao za mwisho. Walikuwa katika kikosi kingine na bonde jingine, mbali na uwanda wa Broadway, lakini adui alikuwa mmoja na msitu mmoja.

Vita vilipokwisha Coogan alirudi kutafuta kazi kama askari yeyote aliyevua sare. Umaarufu wa utoto haukumfungulia milango. Uso ambao dunia iliupenda ulikuwa umenenepa, nywele zimekwisha. Kwa miaka mingi alicheza sehemu ndogo ndogo, hata ilipofika mwaka 1964 akapata ile ya Uncle Fester katika mchezo wa televisheni wa The Addams Family: mjomba mwenye kipara, mwenye joho jeusi, anayetia balbu ya umeme mdomoni nayo ikawaka. Mchezo huo uliendelea mpaka mwaka 1966, na watoto wa kizazi kipya wakamcheka bila kujua kwamba bibi zao walikwisha mcheka na kumlilia akiwa na miaka sita. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi yake bora baada ya The Kid, kwa sababu safari hii malipo aliyapokea mwenyewe.

Mwaka 1972 Chaplin, mzee wa miaka 82, alirudi Marekani kupewa tuzo baada ya kukaa nje kwa miaka 20. Coogan alikuwa miongoni mwa waliokutana naye Los Angeles. Mzururaji na mtoto wake walikumbatiana, wote wawili wakiwa wazee.

Jackie Coogan alifariki tarehe 1 Machi, 1984, huko Santa Monica, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69. Sheria iliyobeba jina lake ilikuwa bado na matundu, kwani haikuwagusa watoto wote waliofanya kazi hiyo. Tarehe 1 Januari, 2000, miaka karibu 16 baada ya kifo chake, ilianza kutumika sheria mpya ya California isemayo kwamba mapato ya mtoto mcheza sinema ni mali ya mtoto, na kwamba mwajiri lazima aweke asilimia 15 ya mapato hayo katika akaunti ambayo mzazi hawezi kuigusa. Mzazi anayempeleka mwanawe studio sasa hana budi kwenda kwanza benki kuifungua akaunti hiyo, nayo hujulikana kwa jina lake: akaunti ya Coogan.